Wanauza hoteli Antalya, nanyi muuze kiwanja cha Mtwapa?

*Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha jamaa, watu 14, ndugu na mabinamu. Wengi tuko hapa Kisauni na Majengo, wanne wako kazini Doha na Sharjah. Dalali mmoja ametuletea hoteli ya nyota tano inayouzwa pwani ya Mediterania, upande wa Antalya, Uturuki. Ina vyumba 240, mabwawa matatu ya kuogelea, hamamu, na ufuo wake wenyewe. Bei ni yuro milioni 38. Anasema wawekezaji wadogo wanaunganishwa, kila mmoja ananunua fungu lake, na kila mwaka tutapata faida ya asilimia 9 iliyodhaminiwa. Kwanza tutoe yuro 5,000 za kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi, ndipo tuoneshwe karatasi za hoteli, kwa sababu mauzo haya ni ya siri. Pesa taslimu hatuna, lakini marehemu baba ametuachia kiwanja Mtwapa na kaka yetu mkubwa ataka tukiuze. Mama yetu hataki. Asema bahari ya huko haijui. Wewe umekaa hotelini miaka mingi. Tuuze?*

*Katibu, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na mama yako mfikishie salamu zangu. Jibu nakupa kwanza na maelezo baadaye, maana mwisho wa mwezi u karibu: kiwanja msiuze, na hizo yuro 5,000 msitume. Mama yenu ameona mbali.

Sasa nikae nikueleze, kwa sababu najua kaka yako akisikia "msiuze" tupu atasema huyu mama kazeeka, aogopa kila kitu. Mimi niliingia hotelini mwaka 1983, chumba cha dobi, nikikunja taulo. Nilitoka 2014 nikiwa mkuu wa usafi wa vyumba. Hoteli niliyoitumikia zaidi, huku pwani ya kaskazini, iliuzwa mara tatu nikiwa ndani yake. Sikuwa muuzaji wala mnunuzi. Nilikuwa mtu wa kuambiwa, "Hesabuni mashuka, mwenye mali mpya anakuja." Kwa hiyo barua yako imenigusa mahali ambapo bado panauma.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta jambo moja, na sikulipata. Kinachouzwa hasa ni nini? Umenitajia vyumba, mabwawa na hamamu. Hukunitajia ardhi ni ya nani. Hukusema kama mnanunua jengo au mnanunua kampuni yenye jengo. Wala hukusema ni nani anayeiendesha hoteli hiyo leo, na kwa mkataba wa miaka mingapi.

Wewe una jamaa Majengo, basi hili la ardhi unalijua tangu utotoni. Mtu ana nyumba yake ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, kaijenga kwa jasho lake, apangisha, akifa wanawe warithi. Lakini kiwanja si chake. Kila mwezi hupeleka kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Siku ya kuuza huuza kuta, bati na milango, na ardhi hubaki kwa mwenyewe. Hakuna mtu wa Majengo atakayenunua nyumba bila kuuliza, "Kiwanja cha nani?" Swali hilohilo lipelekeni Antalya.

Uturuki wana sheria ya kukuza utalii, namba 2634 ya mwaka 1982. Kwa sheria hiyo serikali hutenga ardhi ya umma, hata ya msitu, ikampa mwekezaji ajenge hoteli kwa muda usiozidi miaka 49. Ndivyo zilivyojengwa hoteli nyingi kubwa za pwani ile, hasa Belek. Basi hoteli iliyopewa ardhi mwaka 1990 muda wake unafika mwisho 2039. Muda waweza kuongezwa, kwa malipo na kwa masharti, lakini hapo unamwomba mwenye ardhi, humwamuru. Mwenye kununua hoteli ya namna hiyo ananunua miaka iliyobaki. Ikiwa imebaki 14, bei yake haiwezi kuwa bei ya milele. Hati ya ardhi kule wanaiita *tapu*. Muulize dalali: *tapu* ya hoteli hii ni ya umiliki kamili au ni ya haki ya kujenga juu ya ardhi ya serikali? Mwenye mali halisi hujibu swali hilo kabla hata chai haijapoa.

Na huo "ufuo wake wenyewe"? Hapo dalali amewadanganya waziwazi. Katiba ya Uturuki ya 1982, kifungu cha 43, yasema pwani ziko chini ya mamlaka ya dola, na anayetangulia katika kuzitumia ni umma. Sheria ya pwani ya 1990 ikaongeza kwamba ukanda usiopungua mita 100 kutoka mstari wa pwani una masharti yake ya ujenzi, na mita 50 za mwanzo hazijengwi hoteli. Hoteli huweza kukodi haki ya kuweka vitanda vya jua na miavuli, na haki hiyo ina muda na ada. Mchanga wenyewe hauuzwi. Sisi hapa tuna jambo kama hilo kwenye kifungu cha 62 cha Katiba yetu: ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tofauti ni kwamba bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, ukanda wa umma ukawa mpana hata vijana wakacheza mpira. Mediterania haina bamvua ya kuitwa bamvua. Maji yanasimama palepale siku nzima, kwa hiyo kila mita ya mchanga inagombewa, na ndiyo maana neno "ufuo binafsi" linapandisha bei sana.

Usidhani ni Waturuki peke yao. Uhispania, mkoa wa Almería, pale Carboneras, kuna hoteli ufuoni El Algarrobico ambayo kila anayetaka kununua kando ya bahari ile angepelekwa akaione. Vyumba 411, jengo jeupe limepanda mlimani ghorofa juu ya ghorofa, maji yako chini yake. Kibali cha baraza la mji walikuwa nacho. Lakini sheria ya pwani ya 1988 ilitaka ukanda wa mita 100 usijengwe, na mahali penyewe ni ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar. Mwaka 2006 hakimu alisimamisha ujenzi, jengo likiwa karibu kwisha. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uhispania ikaamua ardhi ile haikuruhusiwa kujengwa. Hakuna mgeni aliyewahi kulala mle. Kibali kilikuwepo, mwanangu, na muhuri wake.

Sasa nikueleze niliyoyaona kwa macho yangu, bila kutaja jina la hoteli wala la mtu.

Kila kitanda cha hoteli chataka seti tatu za mashuka: moja iko kitandani, moja iko kwa dobi, moja imepumzika kabatini. Chini ya hapo kazi haiendi. Mwenye hoteli anayetaka kuuza, kitu cha kwanza anachoacha kununua ni mashuka, kwa sababu mnunuzi hayaoni. Kabla ya mauzo yale ya pili, shuka likitoboka katikati tulilikata, tukachukua kandokando palipo pazima, tukashona foronya. Taulo la kuogea likichakaa huwa la miguuni. La miguuni likichakaa huwa tambara la kupangusia bafu. Tulifika mahali pa seti moja na nusu kwa kitanda. Wasichana wangu walisimama kwenye kamba wakingoja shuka likauke ndipo wakatandike, na mgeni kakaa risepsheni na mabegi yake tangu saa sita mchana. Nililipokea shuka moja mikononi, nikalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili.

Wanunuzi wakaja na suti zao. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi wiki ile, bado wanuka. Wakaoneshwa bwawa, wakaoneshwa bahari, wakanywa madafu. Hakuna aliyefungua kabati la mashuka. Hakuna aliyeshuka kwenye boila. Hakuna aliyekwenda nyuma ya jiko, ambako ukuta unaoelekea bahari ulikuwa umetoa madoa ya kahawia, kutu ya nondo inayovimba ndani ya zege mpaka plasta inadondoka vipande. Chumvi haina haraka, lakini hailali. Chumvi ni chumvi, Mediterania au Bahari ya Hindi.

Miezi sita baadaye bwana mpya akagundua kwamba hati ya kukodi ardhi imebakiza miaka 11, na kipande kati ya ukuta wa hoteli na mchanga kina hati nyingine ya mtu mwingine. Pia akatukuta sisi. Tulikuwa wafanyakazi 140, tunadai mishahara ya miezi mitano. Yeye akasema hana habari nasi, deni ni la mwenzake. Mwenzake akasema ameuza kila kitu, pamoja na madeni. Tulizungushwa miaka. Kuna mzee wa bustani, aliyepanda minazi yote ile ya upande wa bwawa, alifariki bila kupata hata shilingi. Ninapoandika haya mkono wangu si mwepesi.

Kwa hiyo swali la pili, jengo au kampuni, si la wanasheria tu. Hoteli kubwa mara nyingi huuzwa kwa kuuza hisa za kampuni inayoimiliki. Ukinunua kampuni umenunua na yaliyomo: kodi isiyolipwa, mkopo wa benki, kesi za wageni, pesa za wauza samaki na wauza gesi. Na wafanyakazi. Kule Uturuki, hata ukinunua biashara yenyewe badala ya kampuni, sheria ya kazi namba 4857, kifungu cha 6, yasema mikataba ya wafanyakazi inahamia kwa mwenye mali mpya pamoja na miaka yao yote ya utumishi, na yule wa zamani anabaki kudaiwa pamoja naye kwa miaka miwili kwa madeni ya kabla ya kuuza. Kiinua mgongo chao ni mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka mmoja wa kazi. Chukua wafanyakazi 200 wa wastani wa miaka minane: ni mishahara ya miezi 1,600 inayokungoja. Dalali wako ameiandika wapi?

Tuingie kwenye hiyo asilimia 9. Chukua kalamu, na kaka yako akae karibu.

Hoteli nyingi za likizo pwani ile hufungua majira ya machipuko na kufunga vuli. Tuseme kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Hizo ni siku 214. Vyumba 240 mara siku 214 ni usiku 51,360 wa kuuza. Tuwe wakarimu, tuseme robo tatu zimejaa: 38,520. Tuwe wakarimu tena, tuseme kila chumba kinaingiza yuro 200 kwa usiku, chakula na vinywaji ndani yake. Mapato ni yuro 7,704,000. Mishahara, chakula, umeme, maji na kamisheni za mawakala zikishatoka, tuseme katika kila yuro 100 zimebaki 30. Hiyo ni yuro 2,311,200. Igawe kwa milioni 38: asilimia 6 na kitu kidogo.

Sasa jaza vyumba vyote, kila usiku, Aprili mpaka Oktoba, hakuna kitanda kitupu hata kimoja, jambo ambalo katika miaka yangu 31 sijaliona. Kwa hesabu hiyohiyo faida ni yuro 3,081,600. Bado ni asilimia 8.1. Haijafika 9. Na bado hatujatoa kodi ya serikali, riba, ada ya kampuni inayoendesha hoteli, wala fungu la kubadilisha magodoro na viyoyozi, ambalo wenye kazi hii huliweka karibu asilimia 4 ya mapato kila mwaka. Namba za yuro 200 na 30 nimeziweka mimi. Ninyi dai namba za kweli za miaka mitano, zilizokaguliwa na mkaguzi wa hesabu, mziingize humohumo. Kama asilimia 9 "imedhaminiwa", muulize imedhaminiwa na nani. Barua ya dhamana ya benki iko wapi? Biashara ya vyumba haiwezi kudhamini kitu ambacho vyumba vyenyewe vikijaa hadi dirishani havikitoi, isipokuwa unalipwa kwa pesa ya mwenzako aliyeingia baada yako.

Msimu nao una mambo yake. Novemba 2015 Uturuki iliidungua ndege ya kivita ya Urusi mpakani mwa Syria. Urusi ikazuia ndege za watalii na safari za vifurushi, na mwaka 2016 Antalya, ambayo Warusi walikuwa miongoni mwa wageni wake wakubwa kabisa, ikaona msimu mkavu. Septemba 2019 Thomas Cook, kampuni ya utalii iliyoanza 1841, ilianguka ikiwa na wasafiri wapata 600,000 waliokuwa likizoni, na wenye hoteli wa Uhispania, Ugiriki na Uturuki wakabaki na madai ya kiangazi kizima. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa. Tulikuwa hapa Agosti 1997, ghasia za Likoni. Tulikuwa hapa Novemba 2002, bomu la hoteli ya Kikambala. Mei 2014 wageni wa Kiingereza walitolewa hotelini likizo zao hazijaisha wakapelekwa uwanja wa ndege, na mimi nilikuwa zamu siku hiyo. Tulivua mashuka ya vyumba vilivyolaliwa usiku mmoja. Lakini mimi msimu ukifa hapa nauona kwa macho, najua nani amefunga na nani anauza friji. Ninyi mkiwa Kisauni, hoteli yenu ikiwa Antalya, mtaletewa habari na nani? Mama yenu aliposema bahari ya huko haijui, alisema hilo.

Namna dalali anavyoiuza ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa haraka. Hoteli kubwa kweli huuzwa kimyakimya, ili wafanyakazi na mawakala wasitishike, na mnunuzi hutia sahihi ya kutunza siri. Lakini baada ya sahihi hiyo hupewa karatasi bila kutoa senti. Dalali hulipwa kwa kamisheni mauzo yakikamilika. Mnunuzi huonesha uwezo wake kwa barua ya benki, pesa yenyewe ikiwa bado kwake. Uturuki umiliki haubadiliki kwa mkataba wa dalali. Hubadilika kwa kusajiliwa katika ofisi ya *tapu*, kwa ada ya asilimia 4 ya bei, na asiyejua Kituruki husimama na mkalimani aliyeapishwa. Kabla ya hapo kuna sachi ya hati, kama tunavyofanya sisi, kuangalia rehani na mazuio. Wewe umeambiwa ulipe kwanza ndipo uone. Hapo mambo yamegeuzwa miguu juu.

Na hapa kwetu, mtu anayewauzia watu wengi mafungu ya uwekezaji anatakiwa awe na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwombe dalali namba ya idhini, kisha ulizeni wenyewe kwa Mamlaka. Msimpigie simu anayewapa yeye.

Limebaki la Mtwapa, na hili nalisema kwa upole kwa sababu ni la nyumbani. Umeandika "ametuachia kiwanja". Je, mirathi imepita kwa Kadhi? Ikiwa hati bado iko kwa jina la marehemu, hakuna mwenye haki ya kuuza, si kaka mkubwa wala kikundi, na anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama avunja sheria. Mama yenu ana thumuni yake kabla ninyi hamjagawana. Dada zenu wana mafungu yao. Katika barua nzima umewataja ndugu na mabinamu, ila mabinamu si warithi wa baba yenu akiwa na watoto wa kiume hai. Watu 14 hawawezi kukalia kiwanja ambacho huenda ni cha watu sita. Anzeni hapo. Fungueni mirathi, hati itoke kwa majina ya wenyewe, wekeni mawe ya mipaka na ua wa michongoma hata kama fedha ni kidogo.

Kaka yako akiwa na hamu ya hoteli kweli, na si vibaya, ni kazi nzuri niliyoipenda, nileteeni mama na huyo kaka siku moja ya Jumamosi. Nitawapeleka kwa mtu aliyejenga vyumba vinane vya wageni Mtwapa na ana kabati la mashuka ambalo nalionea fahari. Atawaonesha daftari lake, la Julai na la Mei.

*Mama, nafanya kazi ya upishi Shanzu tangu 2011. Tumesikia hoteli yetu inauzwa. Meneja asema tusiwe na wasiwasi. Je, mwenye mali mpya atatuchukua? Na asipotuchukua? Barua yangu ya ajira imeliwa na mchwa.*

*Mpishi, Shanzu*

Mwanangu, hapa kwetu hakuna sheria kama ile ya Uturuki niliyomweleza Katibu, ya kukuhamisha moja kwa moja na miaka yako yote. Ikiwa kampuni iliyokuajiri ndiyo inayouzwa kwa hisa, mwajiri wako habadiliki, ni yuleyule kwa jina na kwa deni. Ikiwa ni jengo tu linalouzwa, mwajiri wako aweza kukuachisha kwa kupunguza kazi, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka atoe notisi ya mwezi mmoja kwako au kwa chama chako na kwa afisa wa kazi, alipe likizo unazodai, na alipe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Wewe una miaka mingi, si pesa ndogo. Asipokulipa, una miaka mitatu ya kwenda Mahakama ya Kazi, ukiipitisha dai limekufa. Wa kwetu wengi walilipoteza hivyo, wakingoja ahadi.

Nenda kwa mwakilishi wenu wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wiki hii, muende mkiwa wengi, mumtake meneja awaandikie kwa maandishi ni nini kinachouzwa na nani atabeba madai yenu. Angalia pia kama michango yako ya NSSF imefika kila mwezi, maana hoteli inayojiandaa kuuzwa huacha hiyo mapema kama inavyoacha mashuka. Pesilipu zako zote zitie kwenye bahasha moja, uzipige picha na simu. Na ile barua ya ajira, ombeni nakala ofisini kesho asubuhi, kabla makabati hayajapakiwa.